Taa za Bati Katika Stoo ya Tumbaku

Mpira mweusi ulikuwa na vivuli viwili siku hiyo, na mimi nikapiga kivuli.

Nacheka sasa nikiandika, lakini siku yenyewe sikucheka. Fimbo yangu ilikuwa imenyooka. Mpira mweupe ulienda pale pale nilipoutuma, ukapita kando ya ule mweusi kama mtu anayepishana na mama mkwe wake njiani akijifanya hamwoni, ukatumbukia shimoni peke yake. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaegemeza fimbo yake ukutani akapangusa chaki mikononi.

"Jaduong'," akasema, na jaduong' ni mzee, lakini yeye hulitamka kama mtu anayesoma barua ya kustaafishwa. "Macho yamekwisha."

"Ni taa."

"Taa imekufanya nini? Si mimi nacheza chini ya taa hiyo hiyo?"

"Wewe ulikuwa upande wa mlango."

"Aa, mchagua jembe si mkulima."

Waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakicheka ni wazee wawili wa kanisa waliopitia kwetu kunywa chai, pamoja na mke wangu. Mke wangu alicheka kidogo tu, akifunika mdomo kwa leso. Nilimwona.

Wacha nieleze meza hiyo ilifikaje kwangu, maana watu wa Migori wanasema maneno. Wanasema mzee ameleta baa nyumbani. Sikuleta baa. Nilileta meza. Miaka yote niliyobeba samaki kutoka ziwani kuja Migori, nilikuwa nikipita kwenye mahoteli nikiona watu wanacheza pool, nami nikajifunza kwa kutazama, kama nilivyojifunza kila kitu. Nilipoanza kuwa na nafasi ya kucheza, nywele zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Ukifika mezani unaambiwa, "Mzee, ngoja kidogo, kuna watu kwenye laini." Unangoja. Wanamaliza, wanaanza tena. "Mzee, bado kidogo." Mimi nimengoja vitu vingi maishani. Pool sitangojea. Jamaa mmoja wa Ntimaru alipofunga baa yake ili arudie biashara ya mahindi, nilikwenda na pick-up nikainunua meza yake, na kitambaa chake kilichochomwa na sigara mahali pawili, na ule mdomo wake wa kumeza sarafu. Mdomo bado unafanya kazi. Tunatumia sarafu moja ile ile, ninaitoa kwa ufunguo, tunaiweka kwenye kikombe, tunaitumia tena.

Meza ya pool ni kama fahali. Haikai popote. Sebuleni mke wangu alikataa, na alikuwa na haki. Ikabaki stoo. Niliijenga wakati nilipokuwa nalima tumbaku, kabla sijaamua kwamba tumbaku inamla mkulima kuliko anayeivuta. Ni chumba kirefu cha matofali, hakina dirisha hata moja kwa sababu majani ya tumbaku hayataki jua. Kina mlango na matundu ya hewa juu, karibu na paa. Mpaka leo ukiingia kunanuka tumbaku. Na kilikuwa na balbu moja tu, inaning'inia kwenye waya upande wa kushoto, mahali pale ambapo zamani nilikuwa nikisimamia mizani. Nusu ya meza iliona mchana, nusu nyingine jioni. Ukisimama vibaya, kichwa chako mwenyewe kinaziba mpira unaotaka kuupiga. Na mlango ukiwa wazi, kila mpira unapata kivuli cha pili. Hayo ndiyo yaliyonipata.

Sasa shemeji. Huyu ni mtu aliyesoma. Alikuwa karani wa ofisi kule Homa Bay mpaka alipostaafu, na Kiingereza chake kinanyesha kama mvua ya Aprili. Siku nilipokwenda kwao kumposa dada yake, nikiwa nimevaa koti la kuazima, aliniuliza mbele ya watu wote, "Umesoma mpaka wapi?" Nikamwambia, "Mpaka pale karo ilipoishia." Karo iliishia darasa la tatu. Watu walicheka, dada yake alinikubali, lakini yule hajawahi kulisahau jibu hilo. Kila nikifanya kitu, yeye hutafuta pale karo ilipoishia.

Basi siku hiyo ya kivuli hakutosheka na kunishinda. Alizunguka meza polepole, akaipapasa ukingo, akasema kwa sauti ya kuhurumia, sauti ile ambayo siipendi kuliko tusi:

"Shemeji, kama huoni, nipe hii meza niipeleke Homa Bay. Nyumba yangu ina madirisha."

Wazee kwenye benchi wakageuka kunitazama.

Mtu asiye wa kwetu atasema, si ungekataa tu? Huwezi. Kwetu kaka wa mke hakataliwi ovyo mbele ya watu. Akija, kuku anachinjwa hata kama ni yule anayelalia mayai. Watu wake walikupa mama wa watoto wako, sasa wewe unamnyima mbao na kitambaa? Akiomba faraghani, unaweza kumzungusha kwa maneno mpaka asahau. Akiomba mbele ya wazee wa kanisa wenye vikombe mkononi, amekukamata. Na alijua. Mke wangu alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeangukia humo.

Nikasema, "Meza si kitu kati yangu na wewe. Lakini umesema mimi sioni. Hilo ndilo siwezi kukuachia uende nalo Homa Bay. Nipe mpaka mvua hizi ziishe. Nitaweka taa. Tutacheza mchezo mmoja chini ya taa yangu, na ukinishinda, lete gari ubebe."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, utasema mbele ya hawa hawa kwamba ilikuwa taa."

Alinyoosha mkono, nikaupokea. Wazee wa kanisa walikuwa mashahidi, ingawa mmoja alisema yeye hashuhudii michezo ya baa. Alimaliza chai yake hata hivyo.

Kesho yake simu yangu ikaanza kulia kling, kling. Shemeji alikuwa ananitumia picha. Taa za pool za huko Nairobi: vikofia vitatu vya kioo cha kijani, mnyororo wa rangi ya dhahabu, na nyuzi zinaning'inia kama pindo la kanzu ya askofu. Chini ya picha bei. Kwa bei ile ungepata ndama mzuri wa maziwa, na bado usafiri hujalipa. Akaandika, "Hii ndiyo inaitwa taa." Sikumjibu. Mtu akikutumia picha ya kitu anachojua hutanunua, huyo hakusaidii, anakuonyesha ukuta.

Nilikwenda duka la vifaa vya stima hapa Migori, barabara ya kwenda Isebania. Dada wa dukani alinitolea taa ndefu ya dari, nyeupe, imenyooka kama rula.

"Hii inamulika chumba kizima, mzee."

"Sitaki chumba. Nataka meza."

"Meza si iko ndani ya chumba?"

"Nikiinama nipige mpira, halafu nikiinua macho, nitaiona?"

"Utaona nini?"

"Taa yenyewe."

Alinitazama kama mtu anayefikiria kuita mwenye duka. "Si inanunuliwa ionekane, mzee?"

Nikamshukuru nikatoka. Si kosa lake. Hajawahi kukaa mbele ya taa akitafuta kitu kingine. Mimi nimekaa. Nilianzia Kisegi, kule ziwani, kwenye mtumbwi wa omena, na kama kuna kitu nilichosomea kuliko watu wenye vyeti, ni taa. Omena, hao dagaa wetu wadogo, huvuliwa kwa taa. Unaielekeza juu ya maji, wanakuja kuizunguka, unawatandia wavu chini. Siku zile zilikuwa karabai za mafuta, zinapumua kama ng'ombe mgonjwa. Ukiitazama moja kwa moja hata mara moja, umekuwa kipofu kwa muda wa kuhesabu hamsini, na katika muda huo wavu umeshapotea. Kwa hiyo tulizivalisha kofia za bati. Mwanga uende chini, macho yabaki kwako.

Hapo nikajiambia, mzee, dawa unayo. Na hapo ndipo nilipokosea, na nitasema jinsi nilivyokosea kwa sababu sina haja ya kuficha.

Nilimpigia mwenzangu wa zamani kule Kisegi, ambaye bado ana mitumbwi. Nikamwambia nitumie taa mbili za omena, hizi za siku hizi za betri, zile kali. Akazituma na gari la samaki, zikafika zikinuka samaki, kama kwetu ziwani. Nikazitundika juu ya meza, moja huku, moja kule, zikiwa uchi. Nikaziwasha.

Ndugu yangu! Kitambaa kilikuwa kijani mpaka kinauma. Namba juu ya mipira ningezisoma nikiwa mlangoni. Nilimwita mke wangu.

"Nyar Asego, njoo uone."

Yeye ni binti wa Asego, upande wa Homa Bay, na hivyo ndivyo nimwitavyo nikiwa na furaha. Alikuja, akaweka mkono juu ya macho. "Hii ni taa au ni Siku ya Mwisho?"

Jioni hiyo ilikuwa imenyesha vizuri, kisha ikakatika. Ukiwa mtu wa pande hizi umeshajua ninaelekea wapi. Mvua ikikatika jioni, ardhi ikiwa na joto, ngwen hutoka. Ngwen ni kumbikumbi, wale wenye mabawa. Mimi nilikuwa nimeinama, natengeneza shoti, nikasikia kitu kikigonga bati. Tap. Tap tap. Halafu wakaja kama pazia. Waliingilia matundu yote ya hewa, waliingilia mlangoni, waliingilia mahali ambapo sikujua kuna tundu, nao wakashuka mezani, wakaangusha mabawa, wakaanza kutembea wawili wawili juu ya kitambaa changu, wakijaza mashimo sita yote. Mpira mweupe haukuonekana.

Taa ya omena ina kazi moja. Inaita. Nimeishika miaka na miaka kwa kazi hiyo, lakini siku ile nilifikiri kwa sababu iko stoo itasahau ilikotoka. Hakuna mtu mwingine Migori angefanya kosa hilo. Lilihitaji mvuvi.

Mke wangu hakupoteza muda kunisikitikia. Alirudi na karai la maji, majirani wawili nyuma yake na sufuria zao, wakawazoa kumbikumbi kutoka kwenye meza ya pool wakicheka mpaka wakashikana mabega. "Weka taa ya tatu, jirani!" mmoja akasema. "Tufikishe gunia!" Walikaangwa kwa chumvi. Nilikula. Sitadanganya, walikuwa watamu. Lakini kitambaa kilibaki na mafuta na mabawa, nikakipiga brashi siku tatu nikiwa nimepiga magoti kama mtu wa toba.

Kabla sijamaliza kupiga brashi, simu ikalia.

"Shemeji! Nasikia siku hizi unavua nchi kavu."

Mke wangu alikuwa dada wa mtu kabla hajawa mke wa mtu. Hilo nililikubali zamani.

"Umepata kilo ngapi?" akaendelea. "Omera, ndugu yangu, wacha ubishi. Mvua imebaki wiki mbili. Nimeshampimia fundi mlango wangu, meza itapita."

Alikuwa ameshapima mlango! Nilikata simu. Kukata simu ya shemeji si adabu, lakini siku hiyo stima ilipotea vilevile, kwa hiyo ningeweza kusema ni mtandao.

Nilikaa juu ya gunia pale stoo nikafikiri. Nilikuwa nimechukua nusu ya taa ya ziwani nikaacha nusu ya maana. Nilichukua ukali nikaacha kofia. Kesho yake nikaenda sokoni kwa fundi wa mabati, mzee wa rika langu anayekaa nyuma ya wauza nafaka. Huyu aliishi kwa kutengeneza koroboi, zile taa ndogo za utambi. Stima ilipofika vijijini, koroboi zikakosa mnunuzi, sasa anatengeneza vizoleo vya takataka na vipimo vya maharagwe. Nilimwambia ninachotaka.

"Kofia za taa?" Aliweka nyundo chini. "Hilo sijaombwa tangu nyumba zipate swichi."

"Tatu. Ndefu, si kama sahani. Kina chake kipite shubiri moja, ili balbu ijifiche ndani kabisa kama konokono."

"Mdomo upana gani?"

"Kama karai la kuoshea uso."

"Na ndani?"

"Rangi nyeupe. Isiyong'aa."

Alikata mabati ya zamani, yale yaliyotoka kwenye paa la mtu, na malipo ya kofia zote tatu hayakufika bei ya jogoo wawili. Nilikaa naye nikashika huku yeye anakunja. Ilikuwa kazi nzuri. Mtu akijua kukunja bati utasikia kwa masikio, nyundo haipigi mara mbili mahali pamoja.

Balbu sikununua zile nyeupe tena. Nilichukua za kawaida za LED, zenye mwanga wa manjano kama wa moto wa jikoni, kwa sababu wadudu hawaupapatikii sana ule. Sikusoma mahali. Tembea jioni utazame taa za nyumba za watu, uone ni zipi zina wadudu. Matundu ya hewa nikayapigilia neti ya mbu iliyochakaa.

Ilibaki kuzitundika. Nilitaka zikae kwenye mstari mmoja juu ya uti wa mgongo wa meza, moja katikati, na moja kila upande, kichwani na miguuni. Fundi alisema tununue bomba la chuma. Nikamwambia lipo lingine. Kwenye dari la jikoni nilikuwa nimehifadhi kasia langu la Kisegi, la mtumbwi wangu wa kwanza, mbao iliyokolea maji na jasho mpaka ikawa nyeusi. Tukalifunga kwa minyororo miwili kwenye boriti, kofia tatu zikaning'inia chini yake, waya ukapita juu.

"Urefu gani kutoka mezani?" fundi akauliza, na futi yake mkononi.

Nikasimama kando ya meza. "Mdomo wa bati ukutane na kidevu changu."

"Kidevu si kipimo."

"Nikisimama, natazama kofia ikiwa imeziba balbu. Nikiinama, bati bado linaziba ile ya mbali. Weka hapo."

"Wewe ni mrefu. Shemeji wako ni mfupi."

"Taa ni ya nani?"

Akaweka hapo.

Nikawasha, nikaweka mpira mmoja kila pembe karibu na shimo, na mmoja katikati, nikazunguka nikitazama vivuli tu. Pembeni vilikuwa vizuri. Katikati palikuwa na mwanga wa kupita kiasi, kwa sababu taa zote tatu zilikuwa zinasaidiana pale. Nikatoa balbu ya katikati nikaweka dhaifu zaidi. Nikazunguka tena. Sasa kila mpira ulikuwa na kivuli kidogo, kimetulia chini yake kama kuku juu ya mayai, hakikimbilii huku wala kule. Pembe ile iliyokuwa jioni sasa ilikuwa mchana sawa na nyingine. Nikafunga mlango. Sikuona balbu hata moja. Niliona meza.

Mvua ikanyesha tena ikakatika jioni. Kumbikumbi wakatoka. Wakapita kwangu wakaenda kwa jirani mwenye taa nyeupe ya getini. Nilisikia akiita karai.

Shemeji alikuja Jumamosi, saa tisa alasiri, na pick-up. Sitasahau hiyo. Alikuja na gari tupu na kamba. Kuku alishachinjwa, heshima haivunjwi kwa sababu ya kamba. Nilivaa koti, maana shemeji hapokelewi kwa shati tupu. Wazee wa kanisa walikuwepo, hata yule asiyeshuhudia michezo ya baa.

Aliingia stoo akitazama juu. Nilijua anatafuta neno. Alitazama mabati, akatazama kasia.

"Ziwa limekufuata mpaka hapa."

"Chagua fimbo."

Aliinama apime shoti ya kufungulia, na nikaona uso wake ukinyamaza. Mtu akiinama chini ya taa mbaya hukunja macho. Yeye hakukunja. Alikaa hivyo kidogo kupita kawaida, kisha akapiga, mipira ikatawanyika, na hakusema neno. Mke wangu akanitazama. Hakuna kitu kitamu kama shemeji aliyekosa neno.

Tukacheza. Yeye alipata mipira yenye mistari, mimi ile isiyo na mistari. Niliingiza minne mfululizo. Siyo bahati, niliona ukingo wa kila mpira kama umechorwa kwa wembe. Yeye naye si mchezaji mbovu, akarudi akaingiza mitano. Benchi lilisahau chai. Nikaingiza mwingine, na mwingine. Ikafika mahali nimebaki na mmoja wangu pembeni, halafu mweusi. Shemeji alikuwa na miwili. Aliona mambo yameharibika, akaenda kukoroga sukari kwenye kikombe chake, ametugeuzia mgongo.

Ule wangu wa pembeni ulikuwa mbali. Nilinyoosha mkono juu ya mipira yake nikaulaza mwili. Nikapiga. Ukaingia, na sauti yake shimoni ilikuwa nzuri. Lakini nilipokuwa navuta mkono, kabla sijasimama, niliona mkono wa koti langu ukigusa mpira wake mmoja wenye mstari wa buluu. Haukusogea hata upana wa punje ya mtama. Kivuli chake tu kilitikisika chini yake.

Chini ya balbu ya zamani hakuna mtu angeona. Mimi mwenyewe nisingeona. Shemeji alikuwa bado anakoroga. Wazee walikuwa wanapiga makofi. Nilimtazama mke wangu. Uso wake haukusema lolote, na mpaka leo hajaniambia kama aliona.

Umebaki mweusi, uko katikati, umenyooka na shimo. Mtoto angeuingiza.

Nikasimama nikasema, "Faulo."

Shemeji akageuka. "Faulo gani?"

"Koti langu limegusa mpira wako."

"Sikuona."

"Mimi nimeona."

"Nani mwingine ameona?" mzee mmoja akauliza.

"Nimesema nimeona. Tulibishana juu ya nini mwezi mzima? Juu ya kuona. Sasa naona. Shoti mbili ni zako, shemeji, cheza."

Akacheza. Aliingiza mmoja, akaingiza wa pili, akazunguka, akaupiga mweusi polepole kwenye shimo la katikati. Nilisikia sarafu ya maisha yangu ikianguka ndani ya meza ya Ntimaru. Nikampa mkono.

"Umenishinda," nikasema. "Na sisemi ni taa. Meza ni yako. Gari liko nje."

Alishika kamba. Kisha akatazama juu.

"Na hizi?"

"Zipi?"

"Taa."

"Uliomba meza."

"Jaduong', meza hii bila hizi taa..."

"Nyumba yako ina madirisha."

Yule mzee asiyeshuhudia michezo ya baa ndiye aliyecheka kwanza, na alicheka mpaka chai ikampalia. Mke wangu hakufunika mdomo safari hii. "Kaka," akasema, "ukifika nayo Homa Bay utacheza na nani? Na madirisha?"

Shemeji alizunguka meza mara moja, mara mbili. Aliweka mpira pembeni akatazama kivuli chake. Akauhamisha pembe nyingine, akatazama tena. Halafu karani huyu wa Homa Bay, mwenye Kiingereza chake chote, akaniuliza mimi wa darasa la tatu, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli:

"Urefu huu ulipima na nini?"

"Na kidevu."

Akasogea akasimama chini ya taa apime. Mdomo wa bati ukamgonga kwenye paji la uso, tang.

Kamba ilirudi Homa Bay bila mzigo. Kwa hiyo ukija kwangu ukiuliza, nitakuambia wazi: meza ni ya shemeji, imekaa kwangu kwa sababu taa ziko kwangu, naye huja Jumamosi kucheza na meza yake. Siku nyingine ananishinda, na nikishindwa nasema nimeshindwa. Mke wangu anasema nilipoteza meza kwa ajili ya mkono wa koti. Mimi nasema niliweka taa ili nione, na siwezi kuizima pale tu inaponimulika mimi. Koti nalo siku hizi nalitundika mlangoni kabla ya kushika fimbo, shemeji awepo asiwepo.

Juzi ameniuliza kwa mara ya tatu kama siwezi kumwachia hizo taa, pamoja na kasia. Kasia! Nimemwambia fundi yuko sokoni, nyuma ya wauza nafaka, mabati anayo, na hana kazi nyingi. Aende na kidevu chake mwenyewe.